Malalamiko Kuhusu Ukarabati wa Jiko la Nyumba Yetu, Kiponda, Mji Mkongwe

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ukarabati wa Nyumba na Majiko,
Unguja.

Ndugu Mkurugenzi,

Assalaam alaykum.

YAH: KAZI YA JIKO ILIYOHARIBU UKUTA NA DARI YA NYUMBA YETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa niaba ya familia, baada ya kumpigia simu msimamizi wenu wa kazi mara nyingi na kila mara kupewa jibu lile lile: kwamba kasoro haiko kwenye kazi yenu, iko kwenye nyumba, kwa kuwa nyumba ni kongwe. Jibu hilo hatulikubali. Kwa kuwa kwenye simu sikupata nafasi ya kueleza mpaka mwisho, naeleza hapa.

Nyumba yetu ni ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazee wetu walikuwa wakisema kwamba ilikuwa imeshasimama hata siku Waingereza walipoipiga mizinga kasri ya Sultani, tarehe 27 Agosti 1896. Imejengwa kama zilivyojengwa nyumba nyingi za hapa mjini: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari ya boriti za mikoko. Juu ya boriti yamepangwa mawe, na juu ya mawe ikapigwa sakafu ya chokaa mpaka ikashikana. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Msimamizi wenu aliyaona yote haya siku aliyokuja kupima. Aliingia chumba cha chini akazitazama boriti, akapanda juu akagonga ukuta kwa ngumi, akaandika kwenye daftari lake. Hakutamka hata neno moja kwamba nyumba hii haiiwezi kazi tuliyoitaka. Alitupa makadirio, tukasaini mkataba, tukalipa awamu zote kwa wakati. Stakabadhi ninazo.

Tulichoomba kiliandikwa wazi kwenye mkataba. Tulitaka sinki jipya lenye mfereji usiovuja, makabati ya kuwekea vyombo, mahali pazuri pa jiko la gesi, na mwanga wa kutosha ili mama, ambaye macho yake yamepungua nguvu, aweze kuchambua mchele bila kutoka nje. Jiko letu liko ghorofani upande wa nyuma, juu ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, mahali ambapo watu wa zamani waliliweka ili moshi utoke usiingie vyumbani. Hakuna aliyeomba ukuta ubadilishwe.

Nianze na saruji, maana ndiyo iliyozaa karibu madhara yote. Mafundi wenu walibandua lipu yote ya chokaa, wakapiga lipu ya saruji kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, kisha wakabandika vigae juu yake, kuta zote nne. Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Hunywa kutoka ardhini, hunywa mvua, hunywa mvuke wa vyungu, kisha huyarudisha kwenye hewa kupitia chokaa, kwa kuwa chokaa inapitisha unyevu. Saruji haiupitishi hivyo. Ukishaufunika ukuta huo kwa saruji na vigae, maji yaliyomo ndani yanakosa pa kutokea. Yanatafuta njia nyingine, na yanakokwenda yanachukua chumvi iliyomo kwenye mawe. Chumvi hiyo inakauka na kuwa kama unga mweupe nyuma ya lipu, inavimba, inaisukuma. Kwetu imeshaanza. Vigae vya upande wa kiwanda vinalia vitupu ukivigonga, vingine vimedondoka pamoja na lipu yake, na nyuma yake jiwe limelainika mpaka unalikwangua kwa kucha. Upande wa pili wa ukuta huo huo, chumbani kwa kaka yangu, chokaa ambayo haikuwahi kutusumbua sasa ina mabaka ya maji hadi usawa wa kiuno.

Haya si maarifa ya siri. Mwashi yeyote mzee wa Malindi au Mkunazini angewaambia. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ambayo kazi yake ni nyumba kama hizi. Kampuni inayochukua kazi ndani ya mji huu inapaswa kuijua chokaa kabla ya kuujua mfuko wa saruji.

Kuna jambo ambalo limemuumiza mama kuliko vigae kudondoka. Katika ukuta wa ndani wa jiko kulikuwa na vidaka vitatu, vilivyochongwa na kupakwa chokaa laini tangu nyumba ilipojengwa. Bibi aliwekea humo chupa za viungo na mikebe ya majani ya chai, mama naye akaendelea hivyo hivyo. Vilikuwa vikavu, havina mende, na havikuchukua hata shubiri moja ya nafasi katika chumba chembamba. Mama alikwenda Pemba kwenye msiba. Aliporudi alikuta vimezibwa kwa matofali ya saruji na kufunikwa vigae. Msimamizi alisema ukuta ulihitaji kunyooka ili makabati yakae. Hakumuuliza mtu. Mkataba hausemi popote kwamba vidaka vizibwe, na mchoro mliotupa, ambao nakala yake naiambatanisha, unavionyesha vyote vitatu vikiwa wazi.

Na makabati yenyewe hayakukaa. Yalipimwa kana kwamba ukuta umepigwa juzi kwa matofali ya kiwandani, ilhali hakuna pembe mraba hata moja katika nyumba nzima. Mianya ikajazwa silikoni. Yametengenezwa kwa zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, na kwa unyevu uliofungiwa humo ndani zimevimba chini, milango haifungi. Kabati moja la juu lilining'inizwa kwa bolti zilizotobolewa kwa keekee ya umeme ndani ya tumbawe. Jiwe likamong'onyoka, kabati likainama likiwa limejaa sahani. Alhamdulillahi hakukuwa na mtu chini yake.

Sasa nije kwenye sakafu, ambayo ndiyo inayoninyima usingizi. Mafundi wenu waliona sakafu ya chokaa ina mabonde kidogo, wakaisawazisha kwa tabaka la saruji la unene wa sentimita tano hivi, kisha wakaweka vigae. Jiko letu lina eneo la kama mita 13 za mraba. Tabaka la saruji la unene huo lina uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Maana yake mmeziongezea boriti zetu zaidi ya tani moja, kabla ya kuhesabu vigae, makabati na ile meza ya jiwe la granaiti, ambayo kwa unene wake wa sentimita tatu peke yake inafika kilo 80 kwa mita ya mraba. Mzigo huo wote umekalia miti ambayo waliotujengea waliipanga ibebe mawe, chokaa, mafiga na watu. Je, kuna mhandisi wenu yeyote aliyepiga hesabu hii? Kama yupo, tunaomba karatasi yake.

Juu ya uzito huo, bomba la maji machafu la sinki mlilipitisha ndani ya ukuta, pale pale vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, na kiungo chake kinavuja. Mti wa mkoko ukiwa mkavu hukaa vizazi na vizazi. Kichwa chake kikikaa ndani ya maji, kimefungiwa na saruji, huoza. Boriti mbili zimeshapinda, na unga wa chokaa unadondoka kwenye kitanda cha shangazi yangu anayelala chumba cha chini. Tumemhamishia ukumbini. Ni mtu mzima, miguu yake inamsumbua, na kutolewa chumbani kwake si jambo dogo kwake wala kwetu. Desemba 2020 mji mzima ulishuhudia sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ikiporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sababu za msiba ule si zangu kuzieleza, wala silinganishi jiko letu na jumba lile. Lakini tangu siku ile, mtu wa Mji Mkongwe akiona boriti imepinda halali chini yake, na hamkuwa na haki ya kutuambia tusubiri "tuone itakuwaje".

Gesi nayo mmeiweka pabaya. Mtungi umefungiwa ndani ya kabati lisilo na tundu hata moja, na yale matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya ukuta wa nyuma yamezibwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Mtungi nimeshautoa mwenyewe, na mama amerudia kupika kwa seredani uani mpaka jambo hili limalizike.

Kuhusu kibali, mlituambia mtakishughulikia wenyewe, na gharama yake imo kwenye makadirio. Kazi ya kubadilisha nyumba ndani ya Mji Mkongwe inahitaji kibali cha Mamlaka. Nimeomba nakala yake mara kadhaa, sijaiona. Kama kilitolewa, naomba kuona kama kiliruhusu kuziba vidaka na kupiga saruji juu ya chokaa. Kama hakikutolewa, basi mmetuingiza katika kosa ambalo familia hii haijawahi kulifanya kwa miaka yote iliyoishi hapa.

Nyumba mnayosema ni mbovu ilikuwa haina chumvi, haina boriti iliyopinda wala ukuta uliolowa kabla hamjaingia. Picha zilizopigwa na msimamizi wenu mwenyewe siku ya kupima, alizotutumia kwa simu pamoja na makadirio, zinaonyesha ukuta mkavu na dari iliyonyooka. Naziambatanisha pamoja na za sasa, ukuta kwa ukuta, ili uzitazame mwenyewe bila kupitia kwa msimamizi.

Tunachotaka kwanza ni usalama. Mhandisi anayezijua nyumba za mawe aje akague dari, kwa gharama yenu, na dari iegemezwe kwa nguzo kabla ya jambo jingine lolote. Siku hiyo hiyo kiungo cha bomba kifungwe. Baada ya hapo meza ya granaiti na tabaka la saruji la sakafuni viondolewe, kwa nyundo na patasi, taratibu, bila mashine ya kutikisa ukuta. Boriti zilizooza zibadilishwe kwa boriti, si kwa nondo na zege. Lipu ya saruji na vigae vitolewe kuta zote, ukuta uachwe ukauke kadiri mwashi atakavyoona, kisha upigwe lipu ya chokaa iliyoloweshwa na kukaa vya kutosha. Vidaka vizibuliwe. Kazi hii ifanywe na waashi wa chokaa tutakaokubaliana nao kwa maandishi. Bado wapo hapa mjini, na niko tayari kuwatajia ninaowafahamu. Makabati mliyoyaweka myachukue, na fedha yake pamoja na fedha ya kibali mturudishie.

Hatudai jiko la kifahari. Mkitaka kujua jiko zuri katika nyumba kama hii linafananaje, ni meza ya mbao ngumu iliyosimama kwa miguu yake yenyewe bila kuning'inia ukutani, bomba linalopita nje ya ukuta ambapo fundi analiona na kulifikia, vigae mstari mmoja tu nyuma ya sinki, na matundu ya hewa yaliyo wazi. Lingegharimu pungufu ya hili mlilotufanyia.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Lisipokuja, tutawasilisha malalamiko yetu pamoja na picha na mkataba kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe na kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na wakili wetu ataendelea kutoka hapo. Tungependa tusifike huko. Lakini masika hayatungojei, na ukuta ule ukipokea mvua ukiwa katika hali hii, gharama ya kuurudisha itakuwa kubwa kuliko tunayoidai leo.

Mafundi wasije tena na mfuko wa saruji. Mama ameagizwa asimfungulie mtu mlango wa jiko mpaka mhandisi awepo na mimi niwepo.

Wako katika kudai haki,

Mwenye nyumba, kwa niaba ya familia,
Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja.

Viambatanisho: nakala ya mkataba na mchoro, stakabadhi za malipo, picha za kabla na baada ya kazi.