Umeniuliza natafuta nini redioni

Mlimani, Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako imenikuta nimezama kwenye kusahihisha mitihani. Umenionya kwa upendo: mwalimu wa siasa abaki darasani, maana akitoka tu atavishwa shati la chama ambacho hata si chake. Nimekaa na maneno yako wiki nzima. Nakujibu kwa urefu kwa sababu ni wewe.

Kilichonisukuma kilianzia kijijini, redio ilikuja baadaye. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, vijana wa kijiji kimoja huku Pwani waliniomba nikawaeleze kazi za serikali ya kijiji. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mhadhara. Nikasimama chini ya mwembe, nikaanza habari za uwajibikaji. Neno lenyewe sijui nililitaja mara ngapi. Mzee mmoja mvuvi akanyoosha mkono. "Mwalimu, huko kuwajibika unakokusema ndiko kujiuzulu? Maana sisi tunayemjua aliwajibika ni Mzee Mwinyi."

Ndugu yangu, nilinyamaza kidogo. Wewe na mimi tunafundisha neno hili kwa vitabu vya Kiingereza, tunaligawa mafungu, wanafunzi wanakariri. Mzee yule analo na mtu wake ndani: mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliachia uwaziri kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ingawa si yeye aliyewagusa. Niliacha karatasi zangu tukaanzia hapo. Tukaulizana kama mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwajibika bila kuondoka, na anawajibika kwa nani. Sijawahi kuwa na semina nzuri kama ile.

Kisha mama mmoja akasimama. Hesabu za kijiji, alisema, hawajasomewa tangu mvua za mwaka uliotangulia, wamdai nani? Nilimwambia kwamba kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 mkutano mkuu wa kijiji hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na kwamba kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Akauliza: "Na mwenyekiti asipouitisha?" Hapo nikakwama. Nimeandika makala mbili juu ya ugatuaji wa madaraka, zote kwa Kiingereza, na swali la mama yule halimo hata katika moja. Aibu ile bado ninayo. Kodi ya watu kama yeye ndiyo iliyotusomesha.

Unasema idara yetu haikuumbwa kwa mambo haya. Hapo nakukatalia. Mwaka 1992, nchi ilipoingia katika vyama vingi, walimu wa idara hii hii ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndio walioanzisha REDET, utafiti na elimu ya demokrasia; mwaka 1994 ikaja TEMCO ya kuangalia uchaguzi. Hawakungoja kualikwa.

Lakini hofu yako nayo ina haki, sitaificha. Unakumbuka utafiti wa maoni wa REDET kabla ya uchaguzi wa rais wa mwaka 2010: Kikwete wa CCM asilimia 71, Dk. Slaa wa CHADEMA 12. Kura zilipohesabiwa, Slaa alipita asilimia 26. Kosa la msomi hadharani halifutiki kama la darasani, na kila aliyekuwa na shaka na wasomi alipata pa kushika. Mimi naona dawa yake ni kuzungumza zaidi: kuwaeleza watu tuliwauliza akina nani, wapi, na kwa nini mtu anaweza kumjibu mgeni mwenye dodoso jibu ambalo si la moyoni. Hayo tunayajua, ila tunaambiana sisi kwa sisi.

Na hao waliovaa mashati kweli? Profesa Baregu alifundisha siasa hapa, akawa mtu wa CHADEMA waziwazi, kisha akakaa katika Tume ya Warioba na kukusanya maoni ya Katiba. Dk. Bashiru Ally alitoka katika idara hiyo hiyo, akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018. Siwalaumu, wote wawili. Kadi inayojulikana hainisumbui. Msikilizaji anajua anamsikiliza nani. Inayonisumbua ni ile ya mfukoni. Kwa upande wangu sitachukua ya chama chochote madhali nasahihisha mitihani ya vijana wa vyama vyote.

Redioni najibu maswali ya wasikilizaji Jumamosi asubuhi, kwa Kiswahili tu. Nisilolijua nasema silijui, narudi nalo wiki inayofuata. Swali la mama nilikwenda nalo kwa mwenzetu anayefundisha sheria, tukakaa jioni mbili, tukatoka na kurasa nne za Kiswahili ambazo mtu wa darasa la saba anazisoma bila kuuliza. Hakuna jarida litakalozichapa, wala hazitanipandisha cheo. Nazipenda kuliko makala zangu zote.

Mwezi ujao narudi kule. Mkutano umeitishwa, na safari hii wanataka kujua fedha za halmashauri zinafikaje kijijini na zinapungulia wapi njiani. Hilo ni somo lako, umelifundisha miaka yote hiyo huko Dodoma. Panda treni ya asubuhi ya Ijumaa, nitakupokea stesheni, tulale kwangu, alfajiri tuondoke pamoja. Usilete slaidi, umeme pale si wa kutegemea. Njoo na daftari, na zile hadithi zako za wakaguzi.

Msalimie shemeji na watoto. Nijibu kabla ya tarehe 10 ili niwaambie waandae chakula cha wageni wawili.

Wako nduguyo