Kaka, kuhusu Thor na ule moto wa Asgard

Oya mwanangu,

Mambo vipi huko, shem na watoto hawajambo? Sisi tupo, tunasukuma siku. Voisi yako nimeipata na nimeisikiliza yote mpaka mwisho, umeongea kwa hasira utafikiri kiwanja cha Asgard ulinunua wewe. Nimeona nisikujibu kwa voisi maana nikianza kuongea najisahau, bora niandike usome taratibu ukiwa umetulia.

Kwaiyo hoja yako ni kwamba Thor, yule mungu wa radi wa muvi za Marvel, ni mfalme wa hovyo kwao Asgard. Kaota kwao kunaungua, kazunguka huku na huku anatafuta namna ya kuzuia, alafu mwisho wa siku yeye mwenyewe ndo anamtuma mdogo wake Loki akawashe moto. Unauliza steringi gani huyo. Nakuelewa bana, ila naona umeanza kuhesabu kuanzia pale makonde yanapoanza, wakati stori ya hizi ndoto imeanzia nyuma kabisa.

Rudi 2015, ile muvi ya Age of Ultron. Yule dada Wanda anawachezea akili wakina Avengers, kundi la mashujaa la kina Thor, sasa ilipofika zamu ya Thor anajikuta ukumbini watu wanacheza na kulewa, anamuona Heimdall, yule mlinzi wa lango ambaye macho yake yanaona kila kitu, alafu macho yenyewe yamekuwa meupe hayaoni, na Heimdall anamwambia yeye Thor ndo anawapeleka wote kuzimu. Hapo ndo pa kusimama kidogo. Hakuonyeshwa adui anakuja na jeshi, kaonyeshwa yeye mwenyewe, radi zinamtoka mwilini zinaua watu wake. Wengi wameisahau hiyo sini kwasababu inapita haraka, na baadae katikati ya vita Thor anaacha kazi anaenda kuzama kwenye kidimbwi cha pangoni kutafuta maana ya alichokiona, kipande ambacho hata mimi naona walikikatakata vibaya mno mpaka ukiangalia unajiuliza huyu kaenda kuoga au vipi.

Sasa 2017, muvi ya Ragnarok, inaanza Thor kaning'inizwa kwa mnyororo mbele ya Surtur, lile jitu la moto. Mnyororo unazunguka taratibu, katikati ya vitisho vya Surtur jamaa anageuziwa ukuta, inabidi aombe asubiriwe kidogo azunguke arudi. Unacheka, lakini kabla ya hapo keshasema kwamba ndoto zinamsumbua, anaona Asgard imewaka. Na anachofanya ni kile ambacho mimi na wewe wote tungefanya, anampiga Surtur, anamng'oa lile taji lenye mapembe, analibeba mpaka nyumbani linafungiwa stoo ya hazina. Kwisha habari, ndoto imezuiwa.

Ila Surtur si alishasema mwenyewe, kitu pekee anachohitaji ni taji lake likutane na Moto wa Milele, na huo moto uko wapi? Uko kwenye stoo ileile ya baba yake. Yaani jamaa kabeba kiberiti kakileta ndani kakiweka pembeni ya dumu la petroli, alafu akasema sasa tuko salama.

Na hii tabia kairithi kwa baba, sio baba wa kwenye muvi tu, namaanisha Odin mwenyewe wa kwenye masimulizi ya zamani ya watu wa kaskazini. Siku hizi nimezama sana huko. Mengi yaliandikwa Iceland, kuna mtu anaitwa Snorri Sturluson aliyakusanya miaka ya 1220 hivi, na kuna mashairi ya zamani zaidi yamo kwenye kitabu cha ngozi cha karne ya 13 ambacho baadae kilipelekwa Denmark kwa mfalme, kikarudishwa kwao Iceland mwaka 1971. Huko ndani Odin ndo mfalme haswa wa kusumbuliwa na mwisho wa dunia. Katoa jicho moja anywe maji ya kisima cha hekima. Kajitundika kwenye mti siku tisa usiku na mchana. Ana kunguru wawili anawatuma kila siku wazunguke dunia wamletee habari, na anakiri kabisa anaogopa siku moja hawatarudi. Mwanae Baldr akiota ndoto mbaya, mzee anapanda farasi mpaka kuzimu kumuamsha mganga aliyekufa ili amuulize ndoto ina maana gani. Mfalme halali huyo.

Lakini kisa kilichonishika ni cha mbwa mwitu Fenrir, hiki nisikilize vizuri. Huko kwenye masimulizi Loki kazaa watoto watatu na jitu la kike, utabiri ukasema hawa watoto wataleta balaa. Odin akafanya nini, akamtupa mmoja baharini, yule nyoka, akawa mkubwa mpaka anaizunguka dunia nzima anauma mkia wake mwenyewe. Binti akapelekwa kutawala wafu. Mbwa mwitu miungu wakamlea nyumbani kwao pale pale, mdogo mdogo, ila aliyekuwa na ujasiri wa kumpelekea chakula ni mungu mmoja tu, Tyr. Akakua. Wakaogopa. Wakamletea mnyororo wakamwambia tunajaribu nguvu zako tu, akaukata. Wakaleta mwingine mnene zaidi, akaukata na huo. Mara ya tatu wakaenda kwa mafundi wa chini ya ardhi, wakatengenezewa kamba laini kama hariri iliyofumwa kwa sauti ya hatua za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Mbwa mwitu akaiangalia ile kamba akajua tu, kitu chepesi hivi kina ujanja ndani yake, akasema sawa nitafungwa, ila mmoja wenu aweke mkono wake mdomoni mwangu kama dhamana. Wakaangaliana. Tyr akanyoosha mkono. Kamba ikakaza, wote wakacheka, isipokuwa Tyr maana mkono ulishaenda.

Ukiona hapo, aliyesalitiwa ni nani? Fenrir kwenye kile kisa hajala mtu bado. Kosa lake ni kukua tu. Walimfunga kwa kitu ambacho hajafanya, wakamchomeka na upanga mdomoni asiweze kufunga taya, na siku ya mwisho ikifika anakata kamba anamfuata Odin moja kwa moja anammeza. Utabiri ulitimia kwasababu ya jinsi walivyohangaika kuuzuia, au basi mimi ndo navyosoma, maana Snorri mwenyewe hasemi hivyo, yeye anasimulia tu anapita.

Ndo maana muvi ya 2017 naitetea. Unakumbuka Hela, dada mkubwa wa Thor, anaingia kwenye ukumbi wa kiti cha enzi, anaangalia juu kwenye dari kuna michoro mizuri Odin na familia yake wametulia, amani tupu, anachukia, anaibomoa dari. Chini ya ile michoro kuna michoro mingine ya zamani, Odin na yeye Hela wanaua mataifa, damu, dhahabu inabebwa. Mzee alipaka rangi juu. Mtoto wake wa kwanza aliyemsaidia kuteka dunia zote tisa alimfungia, akafuta sura yake ukutani, akazaa wengine akawalea kama vile hakuna kilichotokea. Mimi kwangu sini ile ndo muvi yenyewe, nyingine zote ni mbwembwe.

Na Hela nguvu zake zinatoka kwenye ardhi ya Asgard, kadiri anavyokaa pale ndo anazidi. Kwaiyo hesabu ya Thor pale darajani haikuwa kati ya kushinda na kushindwa kama unavyosema wewe. Ni nyumba ibaki na Hela ndani yake, au watu watoke nyumba iende. Jicho moja limeshang'olewa, amefanana na baba yake kwa sura, na saa hiyohiyo ndo anaamua kufanya kitu ambacho baba yake kwenye masimulizi yote hajawahi kukifanya, kuacha kuzuia. Loki anakimbia stoo, taji linaingia kwenye moto, Surtur anainuka mkubwa kuliko milima anachomeka upanga, basi.

Hapo nakupa pointi moja ya bure. Kule kwenye meli watu wote wamesimama dirishani wanaangalia kwao kunaisha, alafu yule jamaa wa mawe Korg anaanza kuwafariji kwamba msingi bado upo tutajenga tena, mara pwaa msingi wenyewe unapasuka, anaomba radhi. Ukumbi mzima kicheko. Mimi sikupenda. Sio lazima kila msiba uwekewe mchekeshaji. Taika Waititi, dairekta wa muvi, anajua sana kuchekesha ila pale angetuachia japo dakika moja.

Najua utaniletea muvi ya 2018, kwamba wale watu aliowaokoa si yule adui Thanos kawasubiri njiani akaua nusu. Ni kweli. Na ukitaka kujua ndoto zinamfanya nini mfalme, usimuangalie akiwa na radi, muangalie 2019 kule Norwei kwenye kijiji cha wavuvi, tumbo limemtoka, bia mkononi, anacheza gemu hatoki nje. Wakaigeuza nayo ikawa ya kuchekesha. Lakini kijiji chenyewe kipo kaka, watu wanavua samaki, nyumba zimejengwa, na mwisho anamuachia Valkyrie, yule dada mpiganaji wa Asgard, uongozi anaondoka. Kile kijiji hakingekuwepo kama angefuata ushauri wako wa kupigana mpaka tofali la mwisho.

Alafu kuna kitu nimekikuta huko huko Iceland nikasema lazima nikuambie. Novemba 1963 volkano ililipuka chini ya bahari kusini mwa nchi yao, ikaendelea mpaka 1967, kikatokea kisiwa kipya kabisa, wakakiita Surtsey, kwa jina la huyu huyu Surtur. Sasa jirani yake kuna kisiwa kinaitwa Heimaey, kina mji wa wavuvi. Tarehe 23 Januari 1973 usiku wa saa nane ardhi ikapasuka pembeni tu ya mji, moto ukawa unarushwa juu watu wamelala. Wakazi kama 5,300 hivi. Bahati yao siku iliyotangulia bahari ilichafuka, kwaiyo maboti ya uvuvi yote yalikuwa bandarini, wakapakia watu humo, asubuhi karibu kisiwa kizima kimeshahama. Nyumba karibu 400 ziliharibika. Ila waliobaki nyuma walikataa kupoteza bandari, wakaleta mapampu wakawa wanamwagia uji wa volkano maji ya bahari wiki kwa wiki mpaka ukapoa ukasimama, na bandari ikapona. Julai ikatulia, na wengi wao wakarudi, mji upo mpaka leo. Nyumba waliziacha ziende kwasababu zinajengwa, bandari hawakuiacha kwasababu bila hiyo hakuna wa kurudi.

Na kwenye yale mashairi ya zamani moto wa Surtur ukishamaliza, nchi inaibuka tena kutoka baharini ikiwa kijani, na miungu michache iliyobaki wanaokota kwenye majani kete za dhahabu walizokuwa wanachezea bao enzi hizo. Kati ya vyote, kete. Sijui kwanini hiyo imenifurahisha kiasi hiki.

Sijamaliza lakini. Kuna dogo hapa mtaani ananibana kwamba Hela ndo mzaliwa wa kwanza, kapigana vita vyote, alafu kanyimwa kiti na kufutwa ukutani, kwaiyo mwenye haki ni yeye na Thor ndo mvamizi. Kwa kweli sina jibu zuri la kumpa. Wewe si mtetezi wa nyumba za watu, nisaidie hapo, na tafadhali andika, voisi zako ndefu zinanimalizia bando.

Msalimie sana mama, mwambie ule mchele nimeupata.

Mshkaji wako