Usiiamini buluu peke yake

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Barua yako imenifika, na swali lako nimelielewa: katika kipimo cha rangi kinachotambulisha seli zilizozeeka, yaani zilizoacha kugawanyika kabisa, kwa nini hata sahani za seli changa zimegeuka buluu? Mimi naishuku inkubeta, yaani kabati la joto, kabla ya kuzishuku seli.

Kipimo hicho kilitolewa mwaka 1995 na kundi la Judith Campisi, mtafiti wa uzee wa seli, alipokuwa Berkeley, Marekani. Karibu kila seli ina beta-galaktosidasi ndani ya lisosomu (vifuko vya kumeng'enyea taka za seli), na kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH 4 (kipimo cha uasidi; namba ndogo ni asidi kali zaidi). Seli iliyozeeka hulimbikiza lisosomu, hata kazi ya kimeng'enya hicho ikaonekana kwenye pH 6.0 ambako kwa kawaida huwa dhaifu. Kipimo chote kimesimama hapo. Sasa, inkubeta ya kukuzia seli ina kaboni dayoksaidi. Ikiyeyuka kwenye mchanganyiko wa rangi, pH inashuka na seli changa nazo zinapata rangi. Tumia inkubeta ya nyuzi 37 isiyo na gesi hiyo, na uzibe sahani vizuri, maana zikikauka zinajaa fuwele.

Osha seli kwa bafa (kimiminika kinachotunza pH) ya fosfati, kisha weka formaldehidi asilimia 2 pamoja na glutaraldehidi asilimia 0.2 kwa dakika 3 hadi 5. Ukizidisha unakiua kimeng'enya chenyewe. Osha tena, halafu mimina mchanganyiko wa X-gal (kemikali inayotoa buluu ikikatwa na kimeng'enya hicho) miligramu 1 kwa kila mililita, bafa ya asidi ya sitriki na fosfati milimola 40 kwa lita, ferosianidi na ferisianidi ya potasiamu milimola 5 kila moja, chumvi milimola 150 na magnesiamu kloridi milimola 2. X-gal iyeyushe kwanza kwenye dimethilifomamidi, miligramu 20 kwa mililita, katika chupa ya kioo. Kimiminika hicho hula plastiki ya polistirini. Buluu huanza kuonekana baada ya saa 2 hadi 4, na hukolea kati ya saa 12 na 16.

Jambo la pili ni msongamano. Seli zilizojaa sahani nzima hupata buluu bila kuzeeka, na zilizonyimwa seramu (majimaji ya damu yenye vichocheo vya ukuaji) vilevile. Zipande chache, nafasi ionekane kati yake. Hata hapo, thibitisha kwa njia nyingine: p16 na p21 (protini zinazozuia seli kugawanyika) zimepanda? Lamini B1 (protini ya utando wa kiini cha seli) imeshuka? Seli zimeacha kunakili DNA? Kwangu, buluu bila haya haitoshi kuandikwa kwenye ripoti.

Kuhusu uhusiano na saratani, fuata kazi za Campisi kwa mpangilio wa miaka. Mwaka 1990 yeye na mwenzake walionyesha kwamba katika fibroblasti (seli za tishu unganishi) za binadamu zilizozeeka, jeni ya c-fos haiwashwi tena na seramu, ilhali jeni nyingine za ukuaji bado zinaitika. Kwa hiyo si uchovu wa seli nzima. Ni udhibiti wa jeni uliobadilika, na seli isiyogawanyika haiwezi kuwa uvimbe. Lakini mwaka 2001 kundi lake likaonyesha kuwa fibroblasti zilezile huchochea seli jirani zilizokwisha kuelekea saratani, na mwaka 2008 likaeleza kwa kina zinachokitoa, zikiwemo IL-6 na IL-8 (protini za ujumbe kati ya seli). Mimi naona hapo ndipo penye utamu wote wa fani hii: kinga ileile ya ujanani inageuka mchochezi uzeeni.

Ukitaka kupima vitu hivyo vinavyotolewa na seli zilizozeeka, usikimbilie. Ukizizeesha seli kwa mionzi ya grei 10 (kizio cha dozi ya mionzi), huacha kugawanyika mapema, ila utoaji huo huchukua siku kadhaa kukomaa. Siku ya 10 ni nzuri. Kusanya majimaji ya sahani kwa saa 24 bila seramu, kwa kuwa seramu ina vichocheo vyake, kisha gawanya kipimo kwa idadi ya seli. Usipofanya hivyo, sahani ya seli changa, zenye wingi, itaonekana inatoa zaidi kuliko ukweli.

Na kama ni fibroblasti za panya, zikuze kwenye oksijeni ya asilimia 3. Oksijeni ya asilimia 20 iliyo kwenye hewa ya kawaida huziharibu DNA na kuzizeesha haraka, tofauti na za binadamu.

Nitumie picha za seli changa pamoja na pH uliyoipima baada ya kuchanganya kila kitu, si ya bafa tupu.

Wako,
Salma