Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: maji yanayojaa baada ya kutolewa titi

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka Ahero.

Mamangu alitolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Opareshoni ilienda vizuri na nashukuru sana, shida ilianza tukiwa nyumbani. Alitoka wodini na mpira ubavuni unaoingia kwa kile kichupa laini cha kuvuta maji na hakuna mtu alituonyesha vile kinabonyezwa, tukakiacha kimefura hewa siku mbili tukidhani ndivyo kinafaa kukaa, kumbe kikifura hakivuti kitu. Siku ya tano mpira ukatolewa bila kuulizwa kilikuwa kinajaa kiasi gani.

Wiki iliyofuata kifua kikavimba chini ya mshono, ukiguza kinacheza kama maji ndani ya karatasi ya plastiki. Mama akaamini kansa imerudi, alilia kwa matatu mpaka Nyamasaria. Tulirudi mara tatu kuvutwa maji na sindano na kemo ikasukumwa mbele.

Titi likitolewa panabaki nafasi kati ya ngozi na misuli, na kwapani mishipa ya limfu, ile inayobeba maji ya mwili, imekatwa, kwa hivyo maji yanajikusanya hapo. Huwezi kuyazuia yote lakini yanapungua daktari akishonea ile ngozi kwa misuli ya kifua, ni uzi tu na dakika kadhaa zaidi. Vidole na kiwiko vinafaa kusongeshwa mapema, ila kuinua mkono juu ya bega kungengoja kama wiki moja, na mamangu siku ya tatu alikuwa anaanika nguo kwa kamba kwa sababu jirani alimwambia mkono utakauka.

Naomba hivi, mgonjwa asitoke wodini kabla hajamwaga na kubonyeza kichupa mwenyewe nesi akitazama, apewe kikombe cha kupimia na karatasi ya Kiswahili na Dholuo ya kuandika mililita kila siku. Mpira utolewe maji yakishuka hadi kama mililita 30 kwa saa 24, sio kwa sababu tarehe imefika, na pia usikae sana maana unaingiza viini. Ma-CHP wetu, wahudumu wa afya wa kijijini, tayari wanapita nyumbani kupima presha, wafundishwe kuisoma hiyo karatasi na kutambua joto, wekundu na usaha mapema.

Karatasi yenyewe nimeshaichora kwa daftari. Ukiniita ofisini nitakuja nayo, na mama pia amesema atakuja.