Popo hawauawi na baridi, wanauawa na kuamka

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, manake ile makala yenu ya popo wa Marekani wanaokufa mapangoni imenikosesha raha. Mmeandika wanakufa kwa sababu majira ya baridi yamekuwa makali. Hapana jamani! Baridi popo hao wameizoea tangu enzi za mababu zao na ndo inayowavusha mpaka msimu mwingine, tatizo liko kwingine kabisa, ni kuvu inayowaamsha usingizini, na haya mambo nimeyafuatilia miaka sasa kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mchukueni yule popo mdogo wa kahawia, maana ni mmoja wa walioumia sana. Ana gramu 7 mpaka 9 hivi, ukimuweka kiganjani hata humsikii. Kabla baridi haijaanza anakula wadudu mpaka ananenepa halafu anaingia pangoni, ananing'inia kichwa chini, na kwa vile huko nje wadudu wameisha basi hali kitu hadi joto lirudi. Miezi sita, saa nyingine zaidi. Anachofanya ni kama kuzima mwili, joto lake linashuka mpaka linakaribiana na la lile jiwe aliloshika, moyo uliokuwa unapiga mara mamia kwa dakika unabaki mara 20 au pungufu, na ukimmulika na tochi unaona matone ya maji yametanda kwenye manyoya yanametameta kama shanga, utasema huyu kafa siku nyingi. Kumbe anabana matumizi tu.

Sasa hapa ndo wengi hawapajui. Hata popo mzima wa afya halali moja kwa moja, kila baada ya wiki mbili tatu anaamka, anapasha mwili, anakunywa maji, anajisafisha, analala tena. Na huko kuamka kwa masaa machache ndo kunakomaliza sehemu kubwa ya mafuta aliyoweka akiba, siku zote zile za kulala zinakula kidogo sana. Ni kama gari ambalo mafuta yanaishia kwenye kuliwasha.

Halafu ndo inakuja hiyo kuvu. Kitaalamu inaitwa Pseudogymnoascus destructans, jina gumu lakini hilo neno la pili linajieleza, maana yake ni yenye kuharibu. Inapenda baridi, inastawi sana kwenye nyuzi 12 mpaka 15 hivi na joto likipanda nyuzi 20 inagoma kukua, ndo maana popo mwenye damu moto anayeruka ruka kiangazi haimsumbui. Lakini popo aliyelala ni shamba limelimwa tayari, mwili umepoa na kinga ya mwili nayo imelala. Inaota puani, ule unga mweupe ndo umeupa ugonjwa jina la pua nyeupe, ila puani ni maonyesho tu, balaa liko kwenye mbawa. Utando wa bawa ni mwembamba unapitisha mwanga, kuvu inazama ndani ya ngozi inaila, na ukiumulika kwa taa ya urujuanimno (ultraviolet) unaona vidoa vya rangi ya chungwa vimetapakaa bawa zima. Kwenye hivyo vidonda maji yanampotea, chumvi za mwili zinavurugika, basi anaamka. Analala, anaamka tena. Zile wiki mbili zinageuka wiki moja, na hesabu ya mafuta hapo haikubali tena. Inafika Januari au Februari akiba imekata, unamuona anaruka mchana kweupe juu ya theluji anatafuta mdudu ambaye hayupo. Hao ndo wanaookotwa mlangoni mwa pango wamekonda ngozi na mifupa, nyie mkaandika baridi imewaua.

Na hili halikuanza jana. Picha ya kwanza ya popo mwenye unga huo Marekani ilipigwa Februari 2006 kwenye pango huko jimbo la New York, karibu na Albany. Mwaka 2010 ugonjwa ukawa umeshaingia Kanada, 2016 ukatokea jimbo la Washington, upande wa pili kabisa wa bara. Kuvu yenyewe asili yake ni Ulaya na Asia, na popo wa huko wanaishi nayo bila kufa kwa makundi namna hii. Wa Marekani Kaskazini hawakuwahi kuiona, na aina tatu za popo zimepoteza zaidi ya asilimia 90 ndani ya miaka isiyofika 10. Na popo siyo panya jamani, huyu wa kahawia anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka!

Kuna mtu nilimsimulia akaniuliza sasa popo wa watu sisi wanatuhusu nini. Nikamtajia utafiti wa mchumi Eyal Frank uliotoka jarida la Science mwaka 2024, kwamba kwenye maeneo ambayo popo walikufa wakulima waliongeza dawa za kuua wadudu kwa kama asilimia 31 na vifo vya watoto wachanga vikapanda kama asilimia 8. Akanyamaza.

Wapo wanaopona na sababu ni ile ile ya akiba, wengi wao ni walioingia pangoni na mafuta mengi, au walioning'inia sehemu yenye baridi zaidi ambako kuvu inakua polepole. Ndo maana kuna wataalamu wanawasha taa nje ya mapango kabla msimu wa baridi haujaanza ili wadudu wajae na popo wanenepe, wengine wanajaribu kupoza mapango. Mimi binafsi hilo nalikubali kuliko kupuliza madawa ndani ya pango, maana mle kuna viumbe wengine kibao visivyo na kosa.

Kwa hiyo pale mlipowashauri wasomaji waende kuwaona popo "wakiwa wamelala salama", futeni kabisa. Kundi la watu likiingia na matochi na vicheko popo wanaamka, na kila kuamka kunawala mafuta, tena vijimbegu vya kuvu vinaganda kwenye viatu na kamba vinahamia pango lingine na vinaweza kukaa hai miaka. Binadamu haimuambukizi, ila anaibeba. Anayelazimika kuingia vifaa vyake vikae kwenye maji ya moto ya nyuzi 55 kwa dakika 20, na vya pango lenye ugonjwa visiende pango lisilo nao.

Lingine dogo, ile picha mliyoweka ya popo wananing'inia mtini juani ni popo wa matunda. Huyo hajawahi kulala majira ya baridi hata siku moja.

Msomaji wenu wa kila wiki