Barua ya malalamiko: muda wa kufika uliokosewa, safari ya Lisbon hadi Madrid

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: RATIBA MLIYOMPA MAMA YANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninyi ndio mliomuuzia mama yangu tiketi mbili kwa mkupuo: moja ya Lisbon hadi Madrid, nyingine ya kutoka Madrid kurudi nyumbani Dar es Salaam. Ratiba yenu ilisema ndege ya kwanza ingeondoka saa 8:00 mchana, itumie saa moja na dakika 20, itue saa 9:20 alasiri. Ya pili ilikuwa ya saa 12:00 jioni. Mkaandika kwamba angesubiri saa mbili na dakika 40.

Aliyepiga hesabu hiyo hakukumbuka kwamba Ureno na Hispania, ingawa zimepakana, saa zao hazilingani. Ureno bara inafuata saa za Uingereza. Madrid iko mbele kwa saa nzima, kiangazi na kipupwe. Ndege ile ilitua saa 10:20 jioni kwa saa za Madrid, na haikuchelewa hata dakika. Kwa kuwa tiketi hazikuunganishwa, mama alipaswa kusubiri begi lake, ahamie jengo jingine la abiria pale Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, kisha apange foleni upya. Alipofika, kaunta ilikuwa imeshafungwa. Akalala kwenye kiti cha uwanja wa ndege, mtu mzima asiyejua neno la Kihispania, nami niko Lisbon namtuliza kwa simu.

Jibu lenu limeniumiza kuliko kosa lenyewe. Mmesema ndege ilichelewa saa nzima, kwa hiyo nikalidai shirika la ndege. Si kweli. Shirika lilitimiza wajibu wake. Tazameni safari ya kinyume: ndege inayoondoka Madrid saa 1:00 asubuhi hufika Lisbon yapata saa 1:20. Hakuna ndege ya abiria inayomaliza kilomita 500 kwa dakika 20. Ni saa za miji miwili tu.

Na hizo kilomita 625 mlizoandika kuwa umbali wa ndege ni za barabara, ile inayopitia Badajoz. Hilo halikumkwamisha mama, ila linaonyesha kwamba hamhakiki mnachowauzia watu.

Nadai mnirudishie nauli ya tiketi mpya niliyomnunulia, na mkiri kwa maandishi kwamba kosa ni lenu. Rekebisheni ratiba zenu pia: kila muda wa kuondoka na kufika uandikwe kwa saa za mji husika, maana wapo wazazi wa wenzangu watakaopita njia hiyo hiyo.

Nimeambatanisha risiti na nakala ya ratiba. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitaandika shauri hili kwenye Livro de Reclamações, daftari la malalamiko linalotambuliwa na sheria za Ureno.

Wenu,
Mteja wenu, Lisbon