Shimo la Mtongani lisiuzwe kwanza

Bamburi, Mombasa
Oktoba

Kwa wazazi wangu wapendwa,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima hapo Kunduchi, na kwamba Bibi amepata nafuu ya miguu. Mimi sijambo na kazi inaendelea vizuri. Ingawa Mombasa si mbali kama Ulaya walikokwenda wengine wa ukoo wetu, ukishavuka mpaka wewe ni mgeni, na hakuna wiki inayopita bila kuwakumbuka.

Baba, kaka amenieleza kwa simu kwamba amejitokeza mtu anayetaka kulinunua shimo letu la Mtongani ili alifukie kwa kifusi na taka, kisha auze viwanja juu yake. Naelewa kwa nini unashawishika. Matumbawe yalikwisha kuchimbwa, na tangu Mama na mashangazi waache kugonga kokoto, pale pamebaki jiwe jeupe linalounguza nyayo saa sita mchana, ambalo hata ukoka haujapata pa kushika. Hata hivyo nakuomba usitie saini bado, kwa sababu nimeona kwa macho yangu machimbo makubwa kuliko yetu mara nyingi, ya matumbawe vilevile, ambayo leo ni msitu.

Mahali penyewe panaitwa Haller Park, si mbali na ninapoishi. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba hapa miaka ya 1950, na baada ya miaka kama ishirini eneo hili lilikuwa jangwa la mawe lenye madimbwi ya maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizozijaribu, zilizostahimili zilikuwa tatu tu, na iliyofaa kuliko zote ni mvinje. Ndiyo, Baba, mvinje huu huu unaovuma kwa upepo ufukweni Kunduchi, ambao sisi tulizoea kuuona kuwa ni wa kivuli na kuni basi.

Mizizi ya mvinje ina vinundu ambamo wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo mti hujipatia mbolea hata mahali pasipo na udongo, tena chumvi haiusumbui. Lakini majani yake membamba kama sindano yalikuwa yakidondoka na kurundikana bila kuoza, na pasipooza kitu hapapatikani udongo. Aliyeleta ufumbuzi ni jongoo. Haller aliwaona majongoo wenye miguu myekundu wakiyatafuna majani hayo, akaagiza wakusanywe kwa mamia na kuachiwa chini ya mivinje, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria hadi mboji ikaanza kujengeka.

Jumamosi iliyopita nilichutama chini ya mvinje mmoja nikafukua kwa vidole. Juu palikuwa na sindano kavu za rangi ya kahawia, chini yake zilikuwa zimekatikakatika, na chini zaidi nikakuta udongo mweusi wenye unyevu, unaonukia kama migombani kwa Babu baada ya mvua. Nilipozidi kufukua nikagusa jiwe, jeupe vilevile kama la kwetu. Nilikaa pale muda mrefu, Mama, nikiikumbuka mikono yako ilivyokuwa ikirudi nyumbani imejaa vumbi la jiwe hilo.

Mboji ilipopatikana ikafuata miti mingine, kisha ndege na wanyama, na mwaka 1984 wageni wakaanza kuruhusiwa kuingia. Huenda mnamkumbuka yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya mwaka 2004 akaandamana na kobe mzee, waliishi humu. Kwangu mimi kikubwa zaidi ni riziki iliyotoka humo. Palichimbwa mabwawa ya kufugia perege, maji ya mabwawa yakamwagiliwa mimea kwa kuwa yana rutuba, na mivinje ikavunwa kwa nguzo na kuni. Leo taasisi yenye jina la Haller inawafundisha wakulima wadogo wa vijiji vya karibu kuhifadhi maji na kurutubisha mashamba yao.

Haller alikuwa na kiwanda nyuma yake, nasi hatuna, kwa hiyo nawaomba tuanze na sehemu ya chini tu, pale maji yanapotuama wakati wa masika, kwa sababu hapo mizizi itaufikia unyevu haraka. Kikundi cha akina mama waliokuwa wakigonga kokoto kipewe haki ya kuni na nguzo kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ili wailinde miti kama mali yao. Taka zisiingie kabisa. Jiwe la matumbawe lina matundu, na uchafu utakaomwagwa shimoni utashuka hadi kwenye maji ya visima wanavyotegemea majirani zetu.

Namwomba kaka achume kwenye mivinje ya ufukweni vile vitunda vidogo vilivyokomaa lakini havijapasuka, avianike juu ya gazeti mpaka vipasuke na kutoa mbegu, kisha azisie kwenye kitalu cha mchanga uliochanganywa na udongo kidogo wa chini ya mvinje mkubwa, ili bakteria wake waje nao. Zikisiwa mwezi huu, miche itakuwa tayari kupandwa masika. Nimekwisha kuomba likizo ya wiki mbili mwezi Machi, na nauli nimeanza kuiweka. Huyo mnunuzi mwambieni asubiri hadi nifike, tuzungumze sote tukiwa tumesimama hapo shimoni.

Nisalimieni Bibi na mashangazi wote.

Ni mimi mwanenu niwapendaye.